Ua la ndani limenyauka? Gusa udongo kabla ya kumwaga maji

Ua la kwenye chungu likilegea, wengi wetu tunakimbilia maji. Kwa vayoleti ya Afrika, haraka hiyo inaweza kulimaliza kabisa.

Ua hili dogo lenye majani ya manyoya ni la hapahapa kwetu. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alilikuta Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia. Leo linapambia nyumba duniani kote, wakati porini aina zake kadhaa ziko hatarini kwa sababu ya ukataji wa misitu.

Kiu au kuoza?
Chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu na chungu ni chepesi, ua lina kiu. Ukiwa umelowa na bado majani yamelegea, huenda mizizi imeoza na haiwezi tena kunyonya maji. Ukiongeza maji, unaliua.

Kama ni kiu
Weka chungu kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwagie majani, maji ya baridi huyaachia madoa.

Kama ni kuoza
Ling'oe taratibu. Kata mizizi ya kahawia iliyolainika, toa majani mabovu, kisha panda upya kwenye udongo mwepesi wenye mchanga. Tumia chombo kidogo chenye matundu. Hata kopo la plastiki ulilotoboa chini linatosha.

Shina limeoza lote?
Bado usikate tamaa. Chukua jani moja zima, bakiza kikonyo cha sentimita 3 hivi, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya miezi 2 au 3, miche midogo huanza kuchomoza.

Pa kuliweka
Dirisha la mashariki ni zuri: linapata jua laini la asubuhi. Kwa wakazi wa Itaka na kwingine Mbozi, Juni na Julai usiku ni baridi, hivyo jioni lisogeze mbali na kioo.

Mbolea isubiri hadi majani mapya yatokee katikati. Hiyo ndiyo dalili kwamba limepona. Maua yatafuata, ila yanaweza kuchukua miezi kadhaa.