Ukuni na Haki ya Kuuokota



Katika ngeli ya U-ZI limo neno ambalo wengi hulitumia katika wingi tu: kuni. Umoja wake ni ukuni. Ukitaka kuieleza kazi yake, utahitaji vitenzi vinne: kuni huokotwa porini, hukatwa kwa panga, huchanjwa kwa shoka, kisha huchochewa mekoni. Mkazi wa Kampala wa leo amezoea zaidi kitenzi cha tano, nacho ni kununua. Insha hii yaeleza jinsi tulivyokifikia.

Tuanze na moto wenyewe. Penye lango la Lubiri, kasri la Kabaka lililoko Mengo, huwaka moto uitwao Ggombolola. Kwa mila za Buganda, moto huo hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Afarikipo, watu huambiwa kwamba moto umezimika, na kila asikiaye huelewa msiba uliowafika. Neno hilohilo, gombolola, likatumika pia kuitaja sehemu ya utawala iliyo chini ya saza. Kwa hiyo moto, mamlaka na jamii vilikaa pamoja katika fikira za wazee wetu.

Nyumbani nako palikuwa na moto. Kampala imeinuka takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua huwa na ubaridi. Moto uleule ulioivisha matoke uliwapasha joto waliouzunguka, na vijana wakafunzwa hapo nasaba na hadithi za koo zao. Kuni zenyewe zilibebwa zaidi na wanawake na watoto, ngata kichwani, kutoka vichakani na kingoni mwa mabwawa.

Mwaka 1900 ukaja Mkataba wa Buganda. Usidhani kwamba kabla yake ardhi haikuwa na msimamizi, kwani machifu waliisimamia chini ya Kabaka. Jambo jipya lilikuwa mipaka na hati. Misitu iliyokadiriwa kuwa maili za mraba 1,500 iliwekwa chini ya serikali ya Uingereza, na ardhi nyingine nyingi ikagawiwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine kwa mfumo wa mailo. Tangu hapo, mwokota kuni alilazimika kujiuliza: mti huu ni wa nani?

Mji ulipokua, wakoloni walipanda mikaratusi kandokando yake, ili ipatikane nishati na nguzo, na ili mabwawa yenye mbu yakauke. Namanve, mashariki ya Kampala, palikuwa na msitu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1990 eneo hilo lilitengwa kwa ajili ya viwanda. Ukipita huko leo utaona maghala na malori mahali palipokuwa na miti ya kuni.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, na wengi wakatumaini kwamba umeme ungelipumzisha shoka. Haikuwa hivyo. Hata sasa kaya nyingi mno nchini hupikia kuni au makaa. Jijini makaa ndiyo yaliyotawala, na hivyo kazi ya kukata na kuchanja haikwisha, bali ilihamishiwa mbali na macho yetu: kwanza Luweero na Nakasongola, kisha kaskazini. Mnamo Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa biashara ya makaa katika maeneo ya kaskazini. Gunia linalofika mlangoni pako lina historia, nalo lina mwenye hasara.

Je, haki ya kuokota imekufa? La. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba serikali huishikilia misitu ya hifadhi kwa amana, kwa manufaa ya wananchi wote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2003 nayo yamruhusu mwanajamii jirani wa msitu kuchukua kuni kavu kwa kiasi, bila malipo, kwa matumizi ya nyumbani, mradi afuate mpango wa usimamizi wa msitu huo. Zingatia masharti hayo: kavu, kwa kiasi, kwa nyumba yake. Mfanyabiashara wa makaa hawezi kujificha nyuma ya bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani, wala bibi huyo hastahili kufukuzwa kama mwizi.

Mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa, watu waliandamana Kampala, na baadhi wakapoteza maisha. Mpango ule ukasimamishwa. Walioandamana wengi wao walikuwa watu wa jiji, wasiookota kuni Mabira. Walielewa tu maana ya neno amana.

Jifya moja haliinjiki chungu. Sheria ni jifya moja, serikali ni la pili, na la tatu ni raia aijuaye haki yake pamoja na mpaka wake. Jioni hii, muulize mzee wa nyumbani kwenu kuni za utotoni mwake zilitoka wapi, na mahali hapo pana nini leo. Kisha andika jibu lake kwa Kiswahili.