Gumegume ya zamani ao bunduki mpya: nani alichagulia wazee wetu?

Tunazoea kusema silaha mpya njo inashinda. Historia ya Kisangani inaonyesha mambo mengine.

Mwaka 1886, kwenye posti ya Stanley Falls, Deane, mtu wa Dola Huru la Kongo, alikuwa na bunduki za Snider na mizinga ya Krupp. Snider inajazwa kwa nyuma, inapiga haraka, lakini risasi yake inatoka kiwandani Ulaya. Watu wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wengi wao walibeba bunduki za kushindilia: unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unatia risasi ao kipande cha chuma, unashindilia, kisha gumegume ao fataki inawasha. Ni polepole, na mvua inaiharibu. Lakini fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza.

Mwezi wa 8 wakapigana siku chache. Risasi za Deane zikaisha, askari wake wengi wakashuka mto kwa mitumbwi, naye akachoma posti na kukimbilia msituni. Mwaka 1887 Tippu Tip akawekwa kuwa wali wa hapa.

Kumbe shida haikuwa bunduki, ni njia ya risasi. Wazungu walielewa vile. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliweza kuruhusiwa. Sababu iliyoandikwa: kumaliza biashara ya watumwa. Lakini majeshi ya serikali hayakuguswa na katazo. Force Publique ilibaki na Albini zake, na stima zilileta risasi. Mwaka 1893 Falls ilikuwa mikononi mwa Dola. Kisha Albini zile zile zikageukia raia, wakati wa mpira.

Basi kuchagua kati ya ya zamani na mpya kulifanyika Brussels, na hakuna mtu wa Tshopo ao wa Lualaba aliyeketi pale.

Mimi ni mtu wa agronomi. Leo wakituletea trakta mpya ao mbegu ya kununua kila msimu, sisemi tukatae. Ila tuulize mbele: pyesi zinatoka wapi, mbegu ya mwaka kesho iko kwa nani, na nani anaweza kufunga njia? Nyinyi munaonaje?