Mchu, damu ya ng'ombe na chumvi shambani

Maji ya Ziwa Victoria pale Mugango ni baridi, na mkulima wa mwambao huu hajazoea kuihofia chumvi. Lakini hata maji baridi hubeba chumvi kidogo. Bustani ikimwagiliwa miaka nenda miaka rudi bila mfereji wa kutolea maji, jua huyakausha na chumvi ikabaki. Mashamba ya kale ya Mesopotamia yaliharibika hivyo, na baadhi ya mashamba ya mpunga ya Moshi yamekwisha kuonja balaa hilo.

Chumvi huunyima mmea maji na kuutia sumu. Madhara yake ya tatu yalichelewa kueleweka. Mmea wenye kiu hufunga vitundu vya majani, hewa ukaa isiingie, ilhali jua halijakoma kuwaka. Nguvu ya mwanga iliyokosa kazi huiangukia oksijeni na kuigeuza superoksidi, inayounguza seli kutoka ndani.

Dawa yake ilikuwa imelala katika damu ya ng'ombe. Mwaka 1938, huko Cambridge, Mann na Keilin walitenga kutoka damu hiyo protini yenye shaba. Kwa miaka 31 hakuna aliyejua kazi yake. Wengi waliiona kama ghala la shaba tu. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakaonyesha kuwa ni kimeng'enya: huinasa superoksidi na kuifanya peroksidi ya haidrojeni. Peroksidi nayo ni hatari, ila katalezi, kimeng'enya ambacho Oscar Loew alikipa jina mwaka 1901 baada ya kuchunguza tumbaku, huivunja ikawa maji na oksijeni.

Mimea yote ina jeni za vimeng'enya hivi. Mistahimilivu huziamsha mapema na kwa nguvu, na hapo mchu wetu unastahili heshima kuliko tunavyoupa. Mti huu wa mikoko, unaoota Rufiji na Zanzibar, husimama katika maji ya bahari na kutolea chumvi majanini. Mwaka 2008 watafiti wa Chennai, India, walitangaza kuwa wamehamisha jeni ya mchu, ya kimeng'enya kilekile cha McCord na Fridovich, wakaitia kwenye mpunga wa Pusa Basmati 1. Mpunga ukastahimili chumvi kuliko ndugu zake.

Hata hivyo jeni hiyo huzima moto tu. Haizuii chumvi kuingia. Kazi hiyo wazalishaji wa mbegu wameitafuta kwa Pokkali, mpunga wa asili wa wakulima wa Kerala, ambao hupunguza sodiamu inayofika majanini.