HOTELI NA GARI LA KUKODI KUSINI MWA UFARANSA: YA KUJUA KABLA HUJATOA HELA



Kila miezi ya joto ikikaribia huku Ulaya napokea swali lile lile kutoka kwa ndugu na jamaa. Wengine wako Bongo, wengine Nairobi, wengine wamejazana Uingereza na Ujerumani: "Kaka, tunataka kuja kula likizo Nice na Cannes, tufikie hoteli gani na gari tukodi wapi?" Mimi nipo Marseille mwaka wa nane sasa, na pwani hiyo nimeizunguka kwa treni, kwa basi na kwa gari. Leo naweka jibu lote mahali pamoja, nikiulizwa tena nawaelekeza hapa.

Kwa kifupi: chagua kwanza pa kulala, halafu ndiyo uamue kama unahitaji gari. Wengi wanafanya kinyume. Wanachukua gari uwanja wa ndege kwa siku zote za likizo, halafu gari lenyewe linashinda limeegeshwa huku linakula hela ya maegesho. Pwani hii ina reli inayopita kandokando ya bahari. Ukilala karibu na stesheni, gari utalihitaji siku 1 au 2 tu, zile za kupanda milimani. Hapo ndipo hela inapookoka.

PWANI YENYEWE

Wafaransa wanaiita Côte d'Azur, yaani pwani ya rangi ya samawati. Jina hilo lilienezwa na mwandishi Stéphen Liégeard kwenye kitabu chake cha mwaka 1887. Ukitoka magharibi kwenda mashariki unakutana na Saint-Tropez, Saint-Raphaël, Cannes, Antibes, Nice, halafu Monaco (hiyo ni nchi yake), na mwisho Menton, mpakani na Italia. Nice ndio mji mkubwa kuliko yote hiyo, na ndio wenye uwanja wa ndege. Cannes ndio ile ya tamasha la filamu, ambako mwaka 2018 ilioneshwa Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo.

Treni za mkoa zina nembo ya ZOU. Kutoka Nice kwenda Monaco ni chini ya nusu saa, kwenda Cannes ni nusu saa na ushee. Nunua tiketi kabla ya kupanda, wakaguzi wa huku hawana utani.

TAREHE KWANZA, HOTELI BAADAYE

Chumba kile kile kinaweza kupanda bei mara mbili au tatu kulingana na wiki. Epukeni hizi kama hamna shughuli nazo:

- Mei: tamasha la filamu la Cannes. Bei zinapaa mpaka miji ya jirani.
- Mwanzoni mwa Juni: mbio za magari za Monaco. Zamani zilikuwa mwishoni mwa Mei, kuanzia 2026 zimesogezwa Juni.
- Februari: kanivali ya Nice na sherehe ya malimau ya Menton. Ni nzuri sana kuziona, ila panga mapema.
- Julai na Agosti: Wafaransa wenyewe wako likizo. Foleni, joto, bei, vyote vinakuja pamoja.

Ukiniuliza mimi, Septemba ndio mwezi wenyewe. Maji ya bahari bado yana joto, watoto wa Kifaransa wamerudi shule, na hoteli zinaanza kushusha bei. Oktoba ikisonga mpaka Novemba mvua kubwa zinaweza kukukuta.

PA KULALA, MJI KWA MJI

NICE: Hapa ndipo ninapowashauri wengi waweke kambi. Mitaa ya karibu na stesheni ya Nice-Ville ina hoteli nyingi za bei ya kawaida, na baharini unafika kwa miguu. Kutoka uwanja wa ndege kuna tramu inayoingia mjini mpaka bandarini, kwa hiyo teksi si lazima. Mji mkongwe unapendeza ila vichochoro ni vyembamba na ngazi ni nyingi, mwenye masanduku mazito afikirie mara mbili. Pia ufukwe wa Nice ni kokoto, sio mchanga. Njoo na viatu vya kuogelea.

ANTIBES na JUAN-LES-PINS: Mchanga upo, stesheni zipo mbili, na pametulia kuliko Nice. Familia yenye watoto iangalie huku.

CANNES: Katikati ni ghali. Ukisogea mtaa wa La Bocca bei inashuka, kuna stesheni yake na ufukwe mrefu wa mchanga.

MENTON: Mji wa wazee na malimau, kimya kabisa. Italia ni pua na mdomo.

MONACO: Nenda kutembea, rudi kulala Ufaransa. Mji wa Beausoleil umepakana nayo kabisa, na huo uko Ufaransa.

SAINT-TROPEZ: Hakuna treni. Unafika kwa barabara, ambayo kiangazi ni foleni tupu, au kwa boti kutoka Saint-Raphaël na Sainte-Maxime. Boti ndio mpango.

Nyota za hoteli Ufaransa ni 1 mpaka 5. Nyota 2 iliyo safi inamtosha mtu anayeshinda nje siku nzima. Ile Negresco ya Nice iliyofunguliwa 1913 piga nayo picha kwa nje, hailipishwi.

Kabla hujalipa uliza haya matano: kiyoyozi kipo? Lifti ipo? Maegesho ni bure au kwa siku shilingi ngapi? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Na kodi ya kulala, wanaiita taxe de séjour, imo au utailipia mapokezi? Kodi hiyo inatozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na mara nyingi haipo kwenye ile bei uliyoiona kwenye mtandao. Mkiwa watu wanne kwa wiki nzima sio hela ya kuchezea.

WENYE PASIPOTI ZA NYUMBANI

Kama unaomba viza ya Schengen ukiwa Dar au Nairobi, hoteli sio suala la starehe tu, ni sehemu ya maombi. Watataka uthibitisho wa pa kulala kwa siku zote, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuvuka siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hairudi.

Kwa hiyo sikilizeni hapa vizuri: shika chumba chenye ruhusa ya kufuta bure, tena soma mwisho wa kufuta ni tarehe ngapi. Ile bei ya chini isiyorudishwa ina tofauti ndogo tu, lakini viza ikikataa umeumia mara mbili. Na msidanganywe na vijana wanaouza karatasi za hoteli za kughushi. Ubalozi unaweza kupiga simu hotelini. Chumba kisipokuwepo, umeharibu maombi haya na yajayo.

Kama unafikia kwa ndugu, yeye aende manispaa ya anapoishi achukue attestation d'accueil, hati ya kukupokea. Barua ya kuandika mwenyewe haitoshi.

Na nyie mnaobuku mkiwa kafe: usikubali kompyuta ihifadhi namba ya kadi, toka kwenye akaunti yako kabla hujanyanyuka, na ukiprinti hakikisha faili hulibakizi kwenye mashine. Anayekaa baada yako humjui.

GARI: KWENYE KAUNTA NDIPO WENGI WANAPOLIA

Kushika gari kwenye mtandao ni dakika tano. Kukabidhiwa funguo ndiyo kazi. Vitu vya kuwa navyo:

1. Leseni. Kama haijaandikwa kwa Kifaransa na ni ya nje ya Ulaya, beba pamoja nayo kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho unakichukua nchini kwako kabla ya kusafiri. Kampuni nyingi zinataka leseni iwe na mwaka mmoja au zaidi.

2. Umri. Wengi wanaanzia miaka 21, na ukiwa chini ya 25 au 26 unalipa nyongeza ya kila siku. Vijana wenzangu, nyongeza hiyo inaweza kuikaribia bei ya gari lenyewe.

3. Kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Rudia tena: jina la dereva. Wanazuia dhamana, mara nyingi mamia ya euro, wakati mwingine zaidi ya 1,000. Hawaichukui, lakini hamuwezi kuigusa mpaka gari lirudi, na baada ya hapo siku kadhaa zinapita. Kadi ya kawaida ya benki inakataliwa sehemu nyingi.

Jamaa yangu mmoja alikuja na mke na watoto watatu, gari ameshalilipia kwenye mtandao. Kaunta wakamwambia kadi yako ni ya benki ya kawaida, hatuwezi, labda ununue na bima yetu kubwa. Bima hiyo ilikuwa ghali kuliko gari. Akakataa, na hela ya awali haikurudi. Wakapanda tramu na masanduku yao. Masharti hayo yalikuwepo kwenye mtandao, maandishi madogo chini kabisa. Kwa hiyo tafuta kipengele cha malipo na dhamana usome kabla, na kama hukielewi waandikie wakujibu kwa maandishi.

4. Bima. Gari linakuja na bima ya msingi, lakini kuna kiasi ambacho unakibeba mwenyewe likikwaruzwa. Uliza kiasi hicho ni euro ngapi, na kama matairi, vioo na chini ya gari vimo.

5. Gia. Huku magari mengi ya bei nafuu ni ya gia za mkono. Otomatiki inapatikana ila shika mapema na utalipa zaidi.

6. Mafuta. Chukua likiwa limejaa, rudisha likiwa limejaa, tunza risiti. Dizeli imeandikwa gazole, petroli imeandikwa SP95 au E10. Ukichanganya, bima haikujui.

Ukikabidhiwa, lizunguke gari lote na simu ukirekodi video, rimu na bampa za chini zikiwemo. Fanya hivyo tena wakati wa kurudisha. Na ukitaka kuvuka kwenda Italia, sema mapema iingie kwenye mkataba.

Ofisi za mjini zinaweza kuwa nafuu kuliko za uwanja wa ndege, ila angalia saa: nyingine hufunga mchana na Jumapili.

BARABARANI

Huku tunaendesha kulia. Kiplefti unazungukia kulia, na anayetoka kushoto kwako, yaani aliyeko ndani, ndiye wa kumpisha. Lakini kwenye makutano yasiyo na kibao wala taa, mpishe anayetoka kulia, hata kama anatokea kichochoro. Hilo limewaponza wengi.

Barabara kuu ya A8 ni ya kulipia. Kikomo ni 130, mvua ikinyesha 110, mjini 50, barabara za kawaida nje ya mji 80, isipokuwa kibao kiseme vingine. Tochi ziko kila mahali, na faini inamfuata aliyekodi mpaka nyumbani, huku kampuni nayo ikikukata hela ya usumbufu. Kwenye geti la kulipia usiingie njia yenye alama ya t ya rangi ya chungwa peke yake, hiyo ni ya wenye kifaa maalumu. Pombe kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa dereva mpya. Mjini funga milango hata ukiwa kwenye taa, mkoba usikae kwenye kiti.

Kati ya Nice na Menton kuna barabara tatu za mlimani, ya chini, ya kati na ya juu. Mandhari ni ya kufa mtu, ila kona ni kali. Ukiwa mgeni wa kuendesha kulia, siku ya kwanza usianzie huko.

MPANGO WA SIKU 7

Siku 5 bila gari: Nice mjini, Antibes, Cannes, Monaco, na Menton (ikiwa Ijumaa, vuka mpaka Ventimiglia kwenye soko). Siku 2 za gari: moja Saint-Paul-de-Vence, Grasse ya manukato na kijiji cha Gourdon, nyingine amka alfajiri uende bonde la Verdon, ambako kingo zake kwenye kina kirefu zinafika kama mita 700. Hapo ndipo gari linalipa, kwa sababu ukiacha Grasse, treni haifiki.

Piga hesabu mwenyewe: siku 7 za gari na maegesho, dhidi ya siku 2 na tiketi za treni. Tofauti yake kwa wengi ni siku nyingine mbili za kulala hotelini.

Nawasilisha. Wenye uzoefu wa hoteli safi za bei poa, hasa Antibes na Menton, ongezeeni hapo chini, na mwenye swali la kadi au leseni aulize kabla hajalipa, sio baada.