Chupa Tupu, Daftari na Kaveera: Kuazima Chombo cha Kinywaji katika Vijiji vya Uganda

Mwaka 2016 mji wa Freiburg, Ujerumani, ulianzisha mpango wa vikombe vya kahawa vya kuazima. Mnunuzi alilipa amana ya yuro 1, aliondoka na kikombe, na alipokirudisha katika mgahawa wowote uliojiunga alipewa fedha yake. Tulipoujadili darasani, baadhi ya wenzangu walisema kwamba jambo kama hilo halingewezekana vijijini kwetu, kwa kuwa watu wangekimbia na vikombe. Nadhani walisahau kreti ya soda. Mtu aliyekulia karibu na duka la kijiji nchini Uganda anaujua mpango huo vizuri. Swali linalonishughulisha ni kwa nini uliachwa.

Kabla ya chupa kulikuwa na kibuyu. Buganda, pombe ya ndizi ilinywewa kwa kibuyu kidogo kiitwacho endeku, na ilibebwa kwenda kwa jirani au kwa wakwe katika kibuyu kikubwa, ekita. Ekita ilikwenda na ilirudi. Kwa wanywaji wa malwa, pombe ya mtama na wimbi inayohusishwa zaidi na Teso, utaratibu ulikuwa mwingine: chungu ni cha wote, lakini kila mzee ana mrija wake mrefu, ambao Waganda huuita oluseke, na huondoka nao. Napenda mpangilio huu kwa sababu ni kinyume cha mgahawa wa leo, ambako kila mtu ana bilauri yake, na mrija hutupwa. Sitaki kuupamba, hata hivyo. Kunywa kutoka chungu kimoja kuna hatari zake, na serikali ilipofunga baa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vilabu vya malwa navyo vilifungwa hadi Januari 2022.

Kiwanda cha Uganda Breweries kilianzishwa mwaka 1946 huko Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Bia na soda zilisafiri katika chupa za kioo ambazo hazikuuzwa. Kilichouzwa ni kinywaji tu. Kiwanda kiliiazima dipo, dipo ikaliazima duka, na duka likamwazima mteja. Kila mmoja aliweka amana kwa aliye juu yake. Kreti ya soda ina nafasi 24, na mwenye duka aliyerudisha chupa 22 alipata soda 22, au alilipia mbili zilizopungua.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na duka katika kijiji kimoja cha Masaka, na sehemu hii ya insha inategemea maelezo yake. Alikuwa na daftari la madeni ya kawaida, na jingine la chupa peke yake. Jirani aliyemfahamu aliandikwa jina tu. Mtu wa kijiji cha pili aliacha fedha. Mpita njia alikunywa akiwa amesimama barazani, na bibi alimtazama mpaka aimalize. Watoto waliotumwa walipewa chupa kwa jina la mama zao, na ikivunjika njiani, deni lilikuwa la mama.

Jambo ambalo sikulitarajia lilihusu miaka ya 1980. Shilingi iliporomoka kiasi kwamba Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na kukata kodi ya asilimia 30 juu yake. Nilimuuliza bibi amana zilikuwaje wakati huo. “Hakuna amana,” alisema. “Pesa ilioza mkononi, chupa ilibaki chupa. Ukitaka soda, njoo na chupa yako.” Amana iliyopokewa mwezi wa kwanza haikutosha kununua chupa mpya mwezi wa tatu, kwa hiyo chupa tupu yenyewe ikawa ndiyo fedha. Watu waliziweka chini ya kitanda. Mpango uliobuniwa ili kila mtu aazime uligeuka kuwa mpango wa wenye chupa, na asiye nayo hakuwa na kitu cha kuweka rehani.

Hapa ndipo ninapoiona kaveera ikiingia. Mfuko huu mwembamba wa plastiki husimuliwa kama uvivu wa watu wa mjini, lakini dukani kwa bibi ulikuwa jibu la tatizo halisi. Mteja asiye na chupa alimiminiwa soda katika kaveera, akatiwa mrija, mdomo wa mfuko ukafungwa, akaenda zake akinyonya. Hakuandikwa popote. Kwa mtu ambaye jina lake halikuaminika daftarini, kaveera ilikuwa heshima ya aina fulani, na hoja hii siioni katika maandishi mengi ya mazingira niliyoyasoma.

Gharama yake ilihamia kwingine. Sheria ya Fedha ya 2009 ilipiga marufuku mifuko iliyo chini ya maikroni 30, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia marufuku hiyo hiyo, jambo ambalo peke yake linaeleza jinsi ile ya kwanza ilivyotekelezwa. Wakati huo chupa za plastiki za maji na soda zilikuwa zimekwisha kuenea. Kampala, taka hizo huziba mfereji wa Nakivubo mvua zinaponyesha. Tarehe 10 Agosti 2024 rundo la taka la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba na kuua zaidi ya watu 30.

Kwa hiyo mtu akitaka kuleta vikombe vya kuazima katika senta zetu za vijijini, nisingemuuliza kwanza kuhusu vikombe. Ningemuuliza amana itakuwa kiasi gani kwa mtu anayenunua chai ya jero, na nani atamwandika mgeni. Duka la bibi sasa linaendeshwa na mjomba. Soda ya kioo bado ipo, na ni nafuu kuliko ya plastiki, lakini hunywewa hapo hapo barazani. Anayetaka kuondoka nayo huuziwa ya plastiki. Daftari la chupa halipo tena, na nilipomuuliza mjomba sababu, alisema wateja wengi siku hizi hawajui majina yao.