Ulimwona Akishindwa?

Wako watu wanaodhani kwamba hodari wa karata ni yule ajuaye kushinda. Mimi nilifundishwa kwamba hodari ni yule ajuaye kuondoka, na aliyenifundisha hakupata kushika karata maishani mwake.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya kijana wa kaka yangu, mkulima wa mpunga hapa Katumba Songwe. (Msomaji asiichanganye na Katumba ya Rungwe yenye kiwanda cha chai, yetu ni ya Kyela, kuelekea mto unaotutenga na Malawi.) Alinijia jioni moja, simu mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Alikuwa akicheza poka kwenye intaneti, na fedha za vibarua wa palizi zilikuwa zimepungua kwa shilingi 60,000. Mezani mwake palikuwa na mtu aliyeongeza dau karibu kila mgao. Kijana alishuku kwamba mtu huyo anaziona karata za wenzake. Alitaka nimwambie lini azitupe karata zake na lini amfuate.

Poka, kwa asiyeijua, haina mambo mengi. Katika namna inayochezwa sana siku hizi, kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa wote. Anayeona zake hazifai huzitupa, na hapotezi zaidi ya alichokwisha kuweka. Kufuata au kutupa ni hesabu ya sokoni. Kama fungu la mezani ni shilingi 900, na mwenzako akaongeza 300, wewe unatoa 300 upate 1,200. Ukitazamia kushinda zaidi ya mara moja katika tano, fuata. Ikiwa ni pungufu, tupa. Anayeongeza dau kila mara hatishi, kwa kuwa hawezi kuwa na karata nzuri kila mara. Utamsubiri, na siku yake itafika.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: na yeye awe kipofu kama wewe.

Sharti hilo lilivunjwa mwaka 2007, katika jumba la poka la intaneti lililoitwa Absolute Poker. Katika shindano ambalo kiingilio chake kilikuwa dola 1,000, mchezaji aliyejiita POTRIPPER alishinda kwa namna iliyowashangaza wenzake. Katika mgao wa mwisho mpinzani aliweka fedha zake zote. POTRIPPER akamfuata naye hana hata jozi, karata yake kubwa ikiwa kumi. Mtu mwenye akili timamu angetupa. Ikatokea kwamba mpinzani alikuwa na pungufu ya hiyo.

Aliyeshindwa aliomba kumbukumbu za michezo yake. Alichotumiwa kilikuwa jedwali la shindano zima, likiwa na karata za siri za kila mchezaji na anwani za kompyuta zilizotumika. Wachezaji wenzake wakalisoma mstari kwa mstari. Walikuta kwamba POTRIPPER alitupa karata zake katika migao miwili ya kwanza, kama mtu yeyote. Kisha akaingia mtazamaji, mwenye namba 363, akakaa kutazama meza hiyo. Tangu hapo, kwa muda wa dakika 20 hivi, POTRIPPER hakutupa tena karata zake mwanzoni mwa mgao. Alipotupa, mtu mwingine mezani alikuwa ameshika wafalme wawili.

Mimi hapo ndipo ninapostaajabia zaidi. Mwizi hakujulikana kwa alivyoongeza dau. Alijulikana kwa alivyotupa. Tume ya Kahnawake, ya Wamohawk wa Kanada, ambayo ndiyo iliyotoa leseni, iliitoza Absolute Poker faini ya dola 500,000 mwaka 2008. Mwaka huohuo ilitangaza kwamba na katika UltimateBet kulikuwa na wizi wa namna hiyohiyo wa miaka kadhaa, na mtu iliyemtaja kuwa mhusika mkuu ni Russ Hamilton, aliyekuwa bingwa wa dunia wa poka mwaka 1994. Wachezaji walirudishiwa mamilioni ya dola. Hamilton hakushtakiwa mahakamani.

Niliposoma habari hizo nilirudi Kasumulu, mwaka 1995. Baba alikuwa amenituma huko mpakani kuuza magunia mawili ya mchele, fedha ziwe karo ya mdogo wangu wa kike. Karibu na stendi palikuwa na mchezo wa karata tatu. Mtu mmoja mwenye koti alishinda mara nne mbele ya macho yangu, kisha akanikonyeza: karata nyekundu ilikuwa imekunjwa pembe. Niliiona pembe hiyo kwa macho yangu mawili. Nikaweka fedha za gunia zima. Karata yenye pembe ikafunuliwa, na ilikuwa nyeusi.

Nyumbani sikuchapwa. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja tu: "Yule mwenye koti, ulimwona akishindwa?" Nilifikiri, nikasema hapana. Akaondoka kwenda zizini. Kesho yake aliuza ndama.

Basi kijana wetu nilimwuliza swali lilelile. Hakujua. Nikamwambia asiweke hata senti mpaka atakapolijibu, na kwamba ikiwa mtu yule haonyeshi kosa, shauri la kutupa mgao huu au ule limekwisha. Ni kuondoka mezani na kupeleka kumbukumbu kwa waliotoa leseni. Kwetu hapa, tangu sheria ya mwaka 2003, wapo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Alikesha na daftari. Asubuhi alikuja na migao 84 aliyoinakili kutoka kwenye simu. Karata za yule mtu zilikuwa zimefunuliwa mara 9 tu, na katika hizo alikuwa ameshindwa mara 5, mojawapo kwa fungu kubwa, akiwa hana kitu chochote mkononi.

"Si mwizi," alisema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Akalitazama daftari tena. "Kwa hiyo, baba mdogo, zile elfu sitini…"

Nilimwambia anywe chai kwanza, vibarua walikuwa wanakuja saa mbili.