Curt Flood, mdakaji aliyekataa kuhamishwa

Kwa misimu 12, mpira uliopigwa juu kuelekea katikati ya uwanja wa St. Louis Cardinals ulikuwa wa Curt Flood. Kazi ya mchezaji wa nje katika besiboli ni kukimbia eneo kubwa na kuudaka mpira kabla haujagusa nyasi, na kwa hilo Flood hakuwa na wenzake wengi. Alitwaa tuzo ya Glavu ya Dhahabu miaka 7 mfululizo, 1963 hadi 1969. Msimu mzima wa 1966 hakufanya kosa hata moja. Gongo nalo alilimudu: mwaka 1964 alipata mapigo safi 211, na Cardinals wakawa mabingwa wa Marekani, ubingwa walioutwaa tena mwaka 1967.

Alizaliwa Houston mwaka 1938, akakulia Oakland, California. Cincinnati walipomsajili akiwa na miaka 18, walimpeleka timu ndogo huko North Carolina. Mashabiki walimtukana kwa rangi yake, na timu iliposimama njiani kula, wenzake weupe waliingia hotelini naye akapewa chakula mlango wa nyuma. Nadhani hasira iliyokuja kuonekana baadaye ilipandwa huko.

Oktoba 1968, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Detroit Tigers, bado hakuna aliyepata alama. Jim Northrup akaupiga mpira kuelekea kwa Flood, ambaye alisogea mbele, akang'amua umekwenda mbali, akageuka na kuteleza. Mpira ukampita juu, Detroit wakapata alama mbili, na mwishowe ubingwa. Mdakaji bora wa ligi alikosea siku iliyotazamwa na nchi nzima.

Mwaka mmoja baadaye klabu ikampeleka Philadelphia pamoja na wengine kwa kubadilishana wachezaji, bila kumuuliza. Mashabiki wetu wa soka wamezoea kuona mchezaji aliyemaliza mkataba akienda anakotaka. Kwenye besiboli ya wakati huo mkataba ulikwisha, lakini haki ya kumtumia mchezaji ilibaki kwa klabu. Ama alicheza alikopangiwa, ama aliacha kucheza.

Tarehe 24 Desemba 1969 Flood alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, na kwamba angependa kusikiliza klabu nyingine. Kuhn alikataa. Mwanahabari Howard Cosell alipomuuliza analalamikia nini ilhali analipwa dola 90,000 kwa mwaka, alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa.

Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alikuwa amemweleza waziwazi kwamba huenda akashindwa, na kwamba maisha yake ya mchezo yangekwisha. Flood akafungua kesi. Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya karne ya 20, alikuja kumtolea ushahidi. Miongoni mwa waliokuwa bado wanacheza, hakutokea hata mmoja. Walikuwa na mishahara ya kulinda, lakini mimi bado naliona jambo hilo kuwa aibu.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliikataa kesi yake kwa kura 5 dhidi ya 3. Majaji walikiri kwamba kuiacha besiboli nje ya sheria za ushindani, kama ilivyoamuliwa mwaka 1922, ni jambo lisilo na mantiki, kisha wakalitupia Bunge. Flood alikuwa ameukosa msimu wote wa 1970. Mwaka 1971 alijaribu kuchezea klabu ya Washington, akacheza mechi 13 tu, akaondoka kwenda Hispania.

Ushindi ulipita njia nyingine. Mwaka 1970, kesi ikiendelea, wenye klabu walikubali migogoro iamuliwe na msuluhishi huru. Desemba 1975 msuluhishi huyo, Peter Seitz, aliwaachia huru wachezaji wawili waliomaliza mikataba yao. Soka ya Ulaya ilisubiri miaka 20 zaidi, hadi kesi ya mchezaji Bosman ilipowapa uhuru kama huo waliomaliza mikataba. Mishahara ya besiboli ikapaa. Flood hakuambulia kitu.

Alifariki Januari 1997 kwa saratani ya koo. Mwaka uliofuata Rais Clinton alitia saini sheria yenye jina lake, inayowaruhusu wachezaji wa ligi kuu kuwashtaki wenye klabu kwa kukiuka sheria za ushindani. Wachezaji wa ligi ndogo hawakujumuishwa.